Aliyetuita Salongo Hakushika Jembe

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na ninyi mlioketi nyuma karibu na mlango mwitike pia, maana leo sikuja kunong'ona.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Bahati wa Makobola. Ziwa lilipopanda na kumeza shamba letu la mihogo, mimi na mdogo wangu Zawadi tulikwenda milimani, upande wa Fizi, kutafuta maisha. Kule wanaume huchimba mawe meusi ya bati, na sisi wanawake tunayatwanga kwa nyundo na kuyaosha. Yanatiwa mifukoni, yanashuka hadi Uvira, yanavuka mpaka, na kampuni moja ya ng'ambo inayanunua ili kutengeneza vyombo vya umeme. Hata simu mlizozima sasa hivi zina bati ndani, nasema bila kumhukumu mtu.

Mwanzoni kazi ilikuwa yetu. Kisha wakaja watu wa bunduki, wakatangaza kwamba Jumamosi ni salongo. Nani hapa hajui salongo? Tumelelewa nayo: kijiji kizima kinatoka kufagia barabara na kufukua mitaro. Tulienda tukiimba, wengine na majembe yao wenyewe! Jumamosi ikazaa Jumatatu, Jumatatu ikazaa juma zima. Wakaweka kizuizi njiani, mawe yote yakawa yao, na aliyeuliza alipigwa. Ndugu zangu, tulikuwa watumwa, na bado midomo yetu iliita jambo hilo salongo, kwa kuwa ndilo jina tulilopewa.

Siku moja nyundo ilinivunja vidole, hivi mnavyoviona. Wakasema niende zangu, lakini Zawadi abaki kwa niaba yangu. Nilishuka mlima nikilia, nimeshikwa mkono na Mama Wabiwa, mjane tuliyetwanga naye, ambaye walimfukuza kwa kuwa amezeeka. Nilidhani tukifika tutapumzika. Yeye hakupumzika. Jamani, mwanamke huyu! Mfupi, mkaidi, na sauti yake ni ya kufukuzia kuku. Alizunguka Uvira nzima mpaka akapata wakili wa kutusikiliza, akakubali jina lake litajwe wakati sisi wengine tulikuwa tunaogopa hata kivuli chetu.

Wakili alitueleza kwamba kampuni ile inaweza kushtakiwa katika nchi yake, kwa sababu ilinunua mawe ikijua yanapatikana vipi. Sikuamini. Lakini siku ilifika, tukakaa mbele ya kompyuta pale Uvira, na jaji akatuona kutoka kwao. Kanisa hili lilikuwa limefunga na kuomba, sitasahau. Mimi nilijua jambo moja tu: kesi ikitupwa, kampuni itaendelea kununua, na Zawadi atafia kule.

Wakili wa kampuni alikuwa na ulimi laini. Alisema hapakuwa na utumwa wowote. Ilikuwa salongo, desturi ya Wakongo, na sisi wenyewe ndivyo tulivyoiita. Mkalimani alipomaliza, niliona kesi imekwisha kutupwa, kwa maana ni kweli tuliiita hivyo.

Mama Wabiwa akasogeza kiti karibu na kompyuta, kama anayetaka kumwona vizuri yule bwana.

“Weye papa, salongo minye naijua,” akasema. “Kwetu, chefu ya kijiji anaitaka watu ku kazi, na yeye mwenyewe anashikaka jembe. Hata muke yake anakuyaka na jembe yake. Barabara tunatengeneza, sisi wote tunapitaka mu ile barabara. Na muntu akichoka, anarudiaka kwake. Sasa uniambie: ule mwenye alituita, weye ulimuona na jembe? Ile barabara iko wapi? Na mudogo ya huyu mama, naye iko wapi?”

Jaji akamwomba Mama Wabiwa aendelee, naye akaeleza yote bila kumtukana mtu na bila kutia chumvi.

Ndugu zangu, hukumu ya mwisho haijatoka, sitawadanganya mbele ya madhabahu. Lakini jaji alikataa kuitupa kesi. Kampuni ikaogopa, ikaacha kununua mawe ya mlima ule, na watu wa bunduki walipokosa mnunuzi wakaondoka. Zawadi akashuka kwa miguu pamoja na wenzake, amekonda, lakini hai. Ni Mungu! Alitumia mdomo wa mjane, na mimi namheshimu mjane huyo kuliko wakubwa wote niliowahi kuwaona.

Tangu arudi, Zawadi hakutaka kusikia neno salongo. Kanisa likiitangaza, alijifungia ndani, nasi hatukumlazimisha. Jumamosi iliyopita mchungaji wetu alikuwa anafukua mtaro hapo nje, suruali ameikunja, tope hadi magotini. Zawadi alisimama barabarani akimtazama kwa muda mrefu.

“Pasta,” akamwuliza, “nikichoka naweza kwenda?”

“Hata sasa hivi, mwanangu.”

Akachukua jembe.

Kwa hiyo namshukuru Bwana, na ninamshukuru Mama Wabiwa, yule pale anayejifanya hasikii. Na wewe uliyebebeshwa mzigo wenye jina zuri, mwamini Mungu, kisha ufungue mdomo, maana yeye hakukuumba bubu. Jumamosi hii njoo tufanye kazi pamoja. Mtaro haujaisha, na Zawadi amesema atatangulia.