Sauti ya Nne ya Wimbo wa Simeo

Sogeeni, wanangu. Gerald, zima hiyo redio. Yuditha, kaa upande huu wa sikio langu linalosikia, na wewe Pendo shika daftari na kalamu mbili, ili wino wa moja ukiisha usinikatize. Msinitazame kwa nyuso za msiba, kwa maana baba yenu Semboja, ingawa daktari amekwisha kuwaambia alichowaambia kule nje akidhani sisikii, tangu alfajiri ana furaha ambayo hajaionja tangu siku mama yenu alipoikubali posa yake.

Mali nitaisema upesi, kwa sababu siyo iliyonifanya niwaite. Shamba la Makuyuni ni lenu watatu: Gerald achukue upande wa bondeni, Yuditha upande wa barabara, Pendo kipande cha katikati chenye michungwa, na asiuze mtu kabla ya wenzake kuketi na kukubali. Nyumba hii ya Ngombezi akae anayeihitaji. Hayo yamekwisha, sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Jumapili hii kwaya za Handeni na Korogwe zinakutana kanisani kwetu kumkumbuka Simeo, mtunzi wetu, tuliyemzika Kwaluguru mwaka jana. Mwisho wa yote wataimba "Jua Limetukuta Hai", wimbo ambao ninyi mmeukuta ukiimbwa harusini na mazishini, na wote wanaouimba wanaamini kwamba aliutunga kwa sauti tatu. Aliutunga kwa sauti nne. Besi yake ninayo mimi, na nimeizuia kwa miaka ishirini na sita.

Simeo alikuwa mkata mkonge, nami nilikuwa mlinzi wa lango la kiwanda. Alitunga akitembea kati ya mistari ya mkonge, midomo ikimcheza kama mtu anayegombana na hewa, na kila alipotoka kazini alipita langoni ili anijaribishie, kwa kuwa alisema masikio ya mlinzi hayapitwi na kitu. Siku moja besi ilimshinda. Nikamwambia, kama rafiki kwa rafiki, "Mbuya wangu, isikilize korona." Ninyi mnaijua ile mashine ya kuchuna singa, jinsi inavyonguruma inapopokea majani, ikashuka, ikatulia chini kabisa. Nikamwigia kwa koo langu. Simeo alicheka mpaka akaketi mavumbini, kisha akasema, "Semboja, umeupa wimbo miguu."

Sasa, katika kwaya yetu ilikuwapo desturi ambayo vijana wa leo hawaijui: aliyeizaa sauti ndiye anayeifundisha, na maadamu yu hai hakuna anayemruka, hata mtunzi mwenyewe. Niliiweka besi ile daftarini kwa alama zangu za langoni, kwa kuwa wakati huo sikujua herufi hata moja. Mstari uliosimama kwangu ulikuwa trela limeingia, uliolala trela limetoka, na duara lango limefungwa; nikavigeuza kuwa kupanda, kushuka na kushikilia. Simeo aliutazama ukurasa ule akasema, "Haya maandishi hata Petro wa mlango wa mbinguni atakuita uje umsomee."

Kabla hatujauimba hata mara moja, alipata shamba Kwaluguru akahama, akaanzisha kwaya kule, akawapa wimbo ule. Nilipopata habari niliona nimeibiwa. Wimbo uliozaliwa langoni kwangu, kwa ngurumo ya mashine yetu, unaimbwa na watu wa Handeni walima mahindi ambao korona hawajaiona. Simeo alikuja kwa baiskeli, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniomba niende nikawafundishe wanaume wa kule besi. Nikamjibu, "Umekwisha kuwapa tatu, wape na ya nne." Akasema, "Hiyo sikuizaa mimi." Nikamwambia anywe maji arudi zake. Akanywa maji, akarudi.

Alikuja tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Kwaya yake ikawa inaalikwa kila mahali, watu wakimwuliza mbona wimbo mzuri hivi hauna besi, naye angeweza kuwafundisha kwa siku mbili tu, maana aliijua yote kichwani. Hakufanya hivyo. Alikuwa akiwaambia, "Mwenyewe yupo, atakuja." Zingatieni hapo, wanangu. Mtu niliyemnunia alinitunzia nafasi yangu ndani ya kazi yake, akakubali isikike pungufu mbele za watu, kuliko kunivua heshima ambayo mimi sikumpa yeye.

Nilipotimiza miaka sitini na moja nikaanza kujifundisha kusoma, na mkiniona nimeinamia vitabu vya kwaya mlidhani nimeokoka upya. Nilikuwa nasoma nota. Nilizijua do, re, mi kabla sijaweza kuandika jina langu. Nilitaka kuigeuza besi kuwa nota nimpelekee kwa mkono wa mtu, nisilazimike kwenda na kusema nilikosa. Niliimaliza. Ipo humo sandukuni, kurasa nne. Nikawa nangoja mvua zipite, nikangoja mavuno, nikangoja yeye aje kwanza kama kawaida yake. Hakuja, na aliyekuja ni mtu wa kutupa taarifa ya msiba wake.

Basi leo mimi, niliyeizaa, naitoa. Gerald, ruhusa ya kuifundisha nakuachia wewe, na nyumba hii yote ni shahidi. Jumamosi uwakusanye wanaume wote, wa Handeni wakae mbele, kwa kuwa wao ndio waliocheleweshwa na mimi. Yuditha, umwendee mjane wake kabla ya ibada, umpigie magoti kwa niaba yangu, umwambie mwenye besi amekuja. Kwenye karatasi za nota liandikwe jina la Simeo peke yake. Langu msiliweke, hata mtu akiona ni haki. Na kama nitakuwa nimefariki kabla, nizikeni Jumamosi asubuhi au mniache mpaka Jumatatu. Jumapili ni yake. Atakayeahirisha kwa ajili yangu hatakuwa amenitii.

Pendo, lete kurasa, ufuatishe kwa kidole niimbapo, maana nota haziwezi kuonyesha ngurumo. Inaanza do, do, inashuka so ya chini. Hapo wasiibane kooni, itoke tumboni. Gerald, imba nami. Tena. Vizuri, mwanangu, ndivyo ilivyokuwa, ndivyo hasa. Mnaisikia? Yuditha, tia alto yako juu yake. Eh. Miaka yote hii sikuwahi kuzisikia pamoja.

Acheni kwanza nipate maji.

Bado mstari wa mwisho. Pale sauti tatu zinapopanda, besi haipandi; inabaki kwenye do ya chini, duara refu, mpaka wenzao wamalize. Hakuna kifua kinachoiweza yote. Wapokezane: huyu akiishiwa aachie taratibu, jirani yake awe amekwisha kushika, watu wasisikie pengo. Simeo alilitaka hilo kuliko yote.

Mungu awalinde, wanangu. Awape kupendana. Awape... mwaka mwema shambani, na watoto wenye masikio. Pendo, usilie juu ya karatasi, wino utachuruzika. Twendeni mstari wa mwisho. Yuditha, panda. Gerald, tuanze wote wawili, chini.

Do...

Shika, Gerald. Shika hapo hapo. Mimi naachia.