Presha Yangu Ilipoanza Kushuka

Mama zangu na dada zangu wa hapa Sirisia, asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi ni fundi wa nguo kutoka Kitale, na nataka niwaambie jambo lililonichanganya kichwa mpaka karibu nife.

Miaka mingi nilikuwa mtu wa presha ya kupanda. Nilizoea tembe zangu kila asubuhi. Halafu figo zikakataa kazi, nikaanza kwenda Eldoret kusafishwa damu kwa mashine.

Mwanzoni, sawa. Kisha nikiwa kwa kiti, miayo inanijia, masikio yanalia, miguu inakaza. Siku moja nikamuuliza sista, "Nani amezima stima?" Na stima ilikuwa inawaka, dada zangu! Nikamwita bwanangu kwa jina la kaka yangu aliyekufa. Nikasikia sista akisema, "Presha imeshuka. Inueni miguu!"

Imeshuka? Yangu? Si mimi ni wa kupanda? Nilidhani wamenichanganya na mgonjwa mwingine. Nawaambia, niliona ile mashine ndiyo inaniua. Nikamwambia baba watoto, "Sirudi huko." Nikaenda kukaa kwa dada yangu, kule Bumula.

Huko nikavimba uso na miguu, nikawa siwezi kulala chali, pumzi inakata. Dada hakubishana na mimi. Alinivalisha viatu vya bwana yake, maana vyangu havikuingia tena, akanirudisha hospitali.

Daktari alivuta kiti. "Mama, siku ya mashine, kabla utoke nyumbani, unafanya nini?"

"Nameza tembe za presha, kama kawaida."

"Na kunywa?"

Baba watoto, aliyekuwa ametufuata hospitali, akanijibia. "Chai, daktari. Na uji. Na maji. Kiu haimwachi."

Daktari akanieleza: maji yasiyotoka kwa mkojo yanajaa mwilini, mashine inalazimika kuvuta mengi kwa muda mfupi, na tembe nazo zimeshateremsha presha, ndipo inaanguka kabisa.

"Sasa niache dawa ama nisiache?"

Akacheka kidogo, akarudia polepole. Siku za mashine nimeze nikimaliza. Chumvi nipunguze, ndiyo inaleta kiu. Maji nipime kwa kikombe. Nisile chakula kizito nikiwa kwa mashine. Wao nao wakapunguza kasi, wakapoza maji ya mashine, maana baridi inasaidia presha isishuke, ndiyo maana mimi hubeba blanketi hata jua likiwaka.

Halafu akasema, "Ukipiga miayo tu, sema. Usingoje."

Kumbe mimi nilikuwa nanyamaza, ati nisisumbue watu! Mara iliyofuata nikasema, "Sista, inakuja." Wakalaza kiti, wakapunguza kasi, na lile giza halikufika. Nikaona uso wa baba watoto, nikamwita kwa jina lake. Akalia, mwanaume mzima.

Hata leo, kusema kweli, sijaelewa vizuri vile presha moja inaweza kupanda na kushuka. Lakini namshukuru Mungu, dada yangu, masista na yule daktari. Ninyi msiige dawa zangu, kila mtu aulize daktari wake. Ila mkisikia mwili umebadilika, msione haya. Semeni mapema, mkiwa bado mnajua mnaongea na nani.