Bomba Lililochongwa Ukingo

Wazee wenzangu, shikamooni. Ninyi wengine, marahaba hata kabla hamjaniamkia, maana mguu huu haunipi muda wa kungoja salamu zote.

Nimeombwa niseme nilivyoanguka. Sikuanguka. Niliangukiwa.

Shule niliiacha darasa la tatu. Karakana yangu pale Dongobesh nimeijenga kwa mikono hii. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo nilipoletewa mabomba ya faiba, yale ya nyuzi za kioo zilizoganda kwenye gundi, sikumuuliza mtu. Mepesi, unabeba mawili kwa mkono mmoja. Nikalibana moja kwa jeki, halikupinda hata kidogo. Basi, nikasema, nguzo za kuegemeza matela zimepatikana, magogo tuliyokuwa tunatumia yaondoke. Nikayakata vichwa sawasawa kabisa, kama meza.

Shemeji yangu, ninayefanya naye kazi, akaniambia, "Fundi, chuma kikichoka kinapinda, unakiona. Hili likichoka litakuambia nini?"

"Litaniambia shemeji anaongea sana."

Tukacheka. Ndugu zangu, kicheko kile hadi leo kinaniuma.

Likaja tela la vitunguu saumu, ekseli imekatika. Mwenyewe anawahi mnada, hataki kushusha magunia, nami nikakubali. Nikasimamisha mabomba chini yake, nikaingia. Jeki ikateleza, tela likakalia mabomba. Hayakupinda, hayakulia. Pah! Yakapasuka juu mpaka chini kama kuni, na tela likaja kwenye mguu wangu.

Hospitali sitaisimulia, nimechoka kuisimulia. Nilirudi nyumbani nikawa napelekwa chooni kwa kushikwa mkono. Mimi! Nikaacha kuongea na watu. Shemeji akaendesha karakana, mimi nakaa mlangoni nakunja uso.

Siku moja akaja mwalimu wa sekondari, mgeni kutoka mkoa mwingine, umri wa kitinda mimba wangu, ameleta viti vya kuchomelewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akaokota kipande cha bomba. "Ndilo hili lililokuumiza?"

"Liweke chini."

Hakuliweka. Akatafuta vipande viwili vizima, akaomba tupa, akachonga ukingo wa kimoja, ukawa mwembamba kuzunguka pande zote. Kingine akakiacha kilivyo. Shemeji akavibana kimoja kimoja kwa jeki chini ya boriti ya chuma, sisi tukasogea mbali. Kile ambacho hakikuchongwa kikakaa kimya, kimya, kisha kikapasuka chote. Kilichochongwa kikaanza kulia mapema, kra kra kra, kikafunguka juu kama mswaki uliotafunwa, kikashuka polepole huku bado kimebeba.

"Baba, hili nimelionyesha pa kuanzia kuvunjika," akasema. "Usipolionyesha, linavunjika lote kwa mara moja."

Mnajua nilimjibu nini? Kwamba amenichafulia karakana. Akachukua viti vyake, akaenda.

Wiki nzima nilikitazama kile kipande kilichopasuka kimya. Nilikuwa najitazama mwenyewe. Kisha nikamwambia shemeji alete tupa. Nikayachonga mabomba yote yaliyobaki, nimeketi. Na magogo tukayarudisha: gogo la kubeba, bomba la kupokea likitokea la kutokea.

Likatokea. Shemeji alikuwa kifudifudi chini ya tela, anasukuma gogo la kwanza, jeki ikateleza tena. Nikasikia kra kra kra.

"Fundi, yanalia!"

"Toka, mpumbavu wewe!"

Akatoka na vumbi lake. Mabomba yakatafunika shubiri moja, tela likasimama. Miguu yake yote miwili ipo, yule pale amekaa nyuma, msimgeukie, ataona aibu.

Kesho yake nilikwenda shuleni kwa mkongojo. Mnajua kwetu mdogo ndiye anayeamkia. Mimi sikungoja. "Mwalimu, hujambo? Nimekuja kusema asante." Neno hilo lilikuwa zito kuliko tela. Mke wangu naye, aliyenishika mkono miezi ile yote nikimfokea, namshukuru hapa mbele yenu, maana nyumbani nashindwa.

Kipande kile kilicholia ni hiki, pitisheni. Msikishike kichwani, nyuzi zinachoma.

Ninachowaambia ni kimoja. Mtu anayebeba kimya nilishamwona mwisho wake, nilikuwa mimi. Ukielemewa, lia mapema, walio karibu wapate muda wa kukusaidia, au hata wa kutoka chini yako.

Na mimi mguu umeanza kulia. Naombeni kiti.