Mwanakhamis Haidar, Mwalimu wa Chumba cha Mashuka

Juzi asubuhi nilikuwa napara samaki, mikono imejaa magamba, mwanangu akaitwa kwenye simu ya jirani, akarudi akaniambia nikanawe kwanza, nikajua.

Wifi yangu Mwanakhamis binti Haidar alizaliwa tarehe 9 Machi 1938, Malindi, Unguja, akasoma hapo mjini, kisha akajifunza uuguzi. Tarehe 2 Juni 1957 aliolewa na kaka yangu Haroub Mbarouk, wakajaaliwa watoto watatu, Mwatime, Salha na Nassor. Walihama mwaka 1964, mwaka uliofuata wakafika hapa Jeddah, akapata kazi ya uuguzi.

Mwaka 1975, hospitali zikijengwa kila upande kwa neema ya mafuta, alipelekwa Riyadh kusimamia ufuaji wa hospitali moja, akakuta wasichana wa kufua hawalali, wanagombana, wanajifungia chooni kulia, akaomba ruhusa ya kuwapa mafunzo ya kukabili mawazo na upweke. Mwanzo hayakufaa. Aliwaketisha duara, akamwuliza kila mmoja dhiki yake mbele ya wenzake, naye ni mtu wa pwani kama sisi, anajua hatutoi ya nyumbani hadharani. Wote wakajibu Alhamdulillahi, hawana neno, wakanywa chai wakaondoka.

Kati yao alikuwa msichana wa Pemba, jina lake Kijakazi, aliyekuwa hali chakula na anaunguza mashuka kwa pasi. Bosi wa hospitali akasema halas, imetosha, mwisho wa mwezi arudishwe kwao, na mshahara wake ndio uliowalisha wadogo zake. Mwanakhamis akaviondoa viti, akayahamishia mafunzo kwenye kukunja mashuka, wawili wawili, shuka katikati, mikono ina kazi na macho yana pa kutazama. Yeye akashika shuka pamoja na Kijakazi siku kadhaa, mpaka msichana akasema, "Mama kazikwa, na mimi huku nakunja mashuka ya watu."

Wifi akamjibu, "Basi leo usikunje. Shika ncha tu, nitakunja mimi."

Alimwendea bosi, akamweleza, Kijakazi akabaki. Tangu hapo wasimamizi wote walifundishwa hivyo, kwamba aliyeharibu kazi aulizwe habari za kwao kabla ya kukaripiwa, na ugomvi ukapungua hata bosi akakiri.

Mwaka 1980 figo zilianza kumsumbua, akarudi Jeddah, akafariki juzi, tarehe 14 Novemba 1982, tukamzika baada ya Alasiri.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliolala nasi, na wenzake wa kazi mliosafiri kutoka Riyadh mkiongozwa na Kijakazi, ambaye sasa ndiye anayeyaendesha mafunzo yale. Bosi hakutaka kuwaruhusu watu wa zamu nzima waondoke pamoja. Kijakazi amenieleza kwamba alimwuliza bosi mara ya mwisho alimzika nani, naye bosi akawaruhusu.

Kina mama, wali umepakuliwa, sogeeni. Nimewahesabu, watoto wake wote wapo, na wa chumba cha mashuka wametimia. Wifi, pumzika kwa amani, watu wako wanakula.