Hermina Dua Lodan, Aliyeiandika Nyumba ya Baba Yake

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Watulodar, nanyi mliopanda kutoka mjini Maumere na mvua hii, mimi ni Kanisius, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Hermina Dua Lodan, ambaye nimemjua maisha yangu yote na bado namshangaa.

Alizaliwa hapa hapa Watulodar tarehe 3 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa baba yetu, mzee Moan Gervasius, na mama yetu Dua Klara, akasoma shule ya msingi ya parokia tangu 1971, kisha sekondari Maumere, na mwaka 1983 akaenda chuo mjini Kupang kusomea ustawi wa jamii, huku shangazi zetu wakisema msichana mwenye maswali mengi hivi hatapata mume. Alimpata. Tarehe 12 Oktoba 1991 alifunga ndoa na mwalimu Paulus Parera, wakajaliwa Rikardus, 1993, na Sisilia, 1996, ambao mnawaona hapa mbele.

Aliajiriwa serikalini mwaka 1988, na kazi iliyomchosha kuliko zote alipewa mwaka 2016, alipotakiwa kupima mpango wa watetezi wa wagonjwa wa akili, watu waliotumwa na serikali vijijini kuzisihi familia zitutoe kwenye mkatale, lile gogo lenye tundu la mguu. Nasema zitutoe kwa sababu nilikuwamo, tangu 1999 hadi mtetezi aliponifungulia mwaka 2014, na kwenye hesabu za mpango nilikuwa mmoja wa waliofanikiwa.

Dada hakupima kwa kuhesabu magogo. Aliingia majumbani saa ya chakula, bila taarifa, akatazama mgonjwa anakula wapi, na asipomwona hakugusa chakula alichokaribishwa mpaka mgonjwa aitwe mezani, jambo ambalo kwetu ni tusi kubwa, akafukuzwa na mbwa na bado akarudi. Ndipo akafika kwetu, akanikuta nyuma ya jiko na sahani yangu ya mahindi.

"Kula kwanza, Mina," baba akasema, naye akajibu, "Nitakula Kanis akikaa hapa, baba." "He! Serikali imekutuma uje kumvua nguo baba yako?" "Imenituma kila nyumba, baba, na hii nayo ni nyumba." Baba akaapa kwamba akiyaandika hayo asikanyage tena kizingiti chake, na huko ofisini mkubwa wake akamnong'oneza, "Mama Mina, nyumba yenu iruke tu, nani atajua?" Dada akamwambia, "Anayekula nje atajua."

Aliniuliza mimi kwanza kama niandikwe, na ilikuwa miaka mingi sijaulizwa kitu. Nikasema ndiyo. Akaandika kwamba watetezi wamefungua miguu lakini kazi imebaki nusu, kwamba mpango usifutwe bali watetezi warudi wakae na familia, na mfano wa kwanza akauweka nyumba ya Moan Gervasius, baba yake mzazi.

Baba hakusema naye miezi mitano. Siku ya Pasaka 2017 alikuja nyuma ya jiko, akachukua sahani yangu, nikadhani ananinyima, akaingia nayo ndani, nami nikaifuata, nikaikuta mezani. "Kaa basi, chakula kinapoa," akasema, na jioni ile akatuma mtu amwite Mina. Baba yupo, amekaa pale, na amenikataza kuruka neno.

Mwezi Februari 2023 dada aligundulika ana saratani ya ini, na aliposhindwa kushika kijiko alikataa kulishwa na mtu mwingine ila mimi, akinitania, "Kanis, kwa mwendo huu njaa itaniua kabla ya ugonjwa," hadi alfajiri ya tarehe 9 Novemba 2023, alipotuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, watetezi mliokuja leo pamoja na wagonjwa wenu, na majirani mliochimba kaburi kwenye matope. Tukitoka makaburini kuna chakula, na familia ina ombi moja tu, kabla hujanawa mikono pita kwanza nyuma ya nyumba uangalie kama kuna mtu.

Dada Mina, umechoka kwa ajili yetu, sasa pumzika kwa amani.