Mstari Ambao Baba Hakuuandika

Wazee wetu, mama zetu, majirani na wote mliofika kumsindikiza baba yetu, familia imenipa mimi, kitindamimba wake, kazi ya kuwasomea safari ya maisha yake, na mtaniwia radhi mahali sauti yangu itakapopanda, maana chuoni nimezoea kubishana na mtu aliyesimama mbele yangu, na katika habari hii mtu huyo sijampata.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mabati iliyotazamana na stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa baba fundi viatu na mama aliyekuwa akiwafulia watu nguo. Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza Novemba 1972 na kufaulu, ila sare ya sekondari iliyopatikana ilikuwa moja na ikamwenea kaka yake, hivyo akabaki nyumbani akifungua kila chenye skrubu, mpaka bibi yetu akaificha saa ya ukutani chini ya godoro.

Tarehe 4 Januari 1977 aliajiriwa katika kiwanda cha vyombo vya plastiki kilichokuwa nyuma ya ghala la pamba, akianza kwa kufagia vipande vilivyodondoka chini ya mashine, na mwaka 1984 akapandishwa kuwa fundi wa kalibu, yaani yale mabapa mazito ya chuma yanayofumbatana, plastiki ya moto ikaingia katikati, yakifunguka linatoka beseni, kikombe au jagi. Huko ndiko alikopewa jina la Sikio, kwa sababu alikuwa anasimama mlangoni kafumba macho, anazisikiliza mashine zote kumi na moja zikigonga, kisha anasema namba saba inaumwa, nayo ikifunguliwa inakutwa inaumwa kweli, wenzake wakawa wanamwuliza kama yeye ni fundi au daktari wa watoto.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa akipanga vifuniko kwenye maboksi katika kiwanda hichohicho, na ambaye mpaka leo anasema alimkubali ili tu aache kumharibia kazi, maana kila dakika alikuwa pale anajifanya kukagua vifuniko. Walijaliwa watoto watatu, kaka yetu mwaka 1984, dada yetu mwaka 1990 na mimi mwaka 2002, na ameacha wajukuu wanne.

Tarehe 30 Juni 2009 kiwanda kilifungwa, wenye mali wakisema ni nafuu vyombo vitengenezwe ng'ambo na kurudi kwa meli, kalibu zikauzwa hukohuko, na baba akaambiwa azifunge kwenye masanduku na kuiandikia kila moja daftari la maelekezo, yaani mtu aliyetumikia miaka thelathini na miwili anakalishwa chini amfundishe mtu asiyemjua namna ya kuichukua kazi yake, na mwandiko uwe mzuri.

Aliandika yote isipokuwa mstari mmoja. Kalibu ya jagi la lita mbili ina pini ya chuma inayoacha uwazi ndani ya kishikio, pini hiyo hupinda polepole kwa joto, na ikishapinda kishikio kinatoka kinene upande mmoja, upande wa pili chembamba kama ganda la kitunguu, kwa nje huoni tofauti, kwa hiyo yeye alikuwa akiibadilisha kila baada ya miezi minne. Hilo hakuliandika, na hakusahau, aliliacha makusudi, kama mafundi wengi wanavyobana kitu kimoja ili waitwe tena, akiamini kwamba majagi yakianza kuvunjika wataulizana yuko wapi yule mzee, simu italia, atapandishwa ndege, na msinicheke, alishanunua na koti la baridi.

Simu haikulia. Kiwanda kilipokuwa nyuma ya ghala la pamba, jagi likivunjika mwenye jagi alikuja nalo getini akitukana, na fundi akasikia, lakini matusi hayavuki bahari, jagi linatupwa, mtu ananunua jingine, na huko waliko wanaona biashara imechangamka.

Jumamosi tarehe 2 Februari 2013, mama yetu alitia maji yaliyochemka katika jagi hilo, jipya kutoka dukani, kishikio kikaachia mkononi na maji yote yakamwishia mguu wa kushoto. Baba alikipasua kishikio kwa kisu, akatazama ndani, akakaa sakafuni palepale penye maji, na siku ya tatu akamwambia, mke wangu, aliyekuunguza ni mimi, mama akamjibu kwamba wewe ulikuwa kwenye kiti unasoma gazeti, usinipe na kazi ya kukubembeleza na mguu wenyewe huu.

Tangu hapo aliandika barua kumi na saba kwa anwani iliyokuwa kwenye boksi la majagi, ya kwanza tarehe 11 Aprili 2013, dada akitafsiri na baadaye mimi, kila moja ina mchoro wa pini na vipimo vyake, hadai kitu, anaomba tu ibadilishwe. Jibu lilikuja moja, Mei 2016, kitabu cha picha za rangi, wakimshukuru kwa kuvutiwa na bidhaa zao na kumwuliza anahitaji makontena mangapi. Mwagizaji wa jumla hapa mjini alimwambia, mzee wangu, likivunjika si wananunua jingine, sasa wewe unataka mimi nile wapi, na ofisi ya viwango wakalijaza maji ya baridi, wakalitikisa, wakaandika kwamba linafaa.

Mimi nimeshinda mijadala mingi kwa hoja dhaifu kuliko hii, nikaandika barua pepe sita, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu ni muhimu sana kwao.

Baba alianza kuumwa kifua Agosti 2021, madaktari wakamwuliza amekuwa akivuta hewa gani, akasema moshi wa plastiki, wakaandika kwenye kadi. Wiki yake ya mwisho nilimdanganya, nikamwambia wamekubali kubadilisha pini, naye akaniuliza watatumia chuma gani, nikasema chuma kizuri, akacheka mpaka akakohoa, akanipapasa mkono, akageukia ukutani. Alifariki Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, wodi namba sita ya hospitali kuu, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Baba mdogo aliniomba niyaruke haya ya pini, kwamba marehemu hasemwi, lakini marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe, na mama amesema soma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya sita, majirani mliotuachia viti, sufuria na vyumba vyenu, na ninyi tisa mliobaki kati ya wenzake wa kiwandani, mliolibeba jeneza wenyewe mkakataa kupokelewa. Na mkirudi majumbani, lishikeni lile jagi la lita mbili, bonyezeni kishikio kwa kidole gumba pale juu kinapoungana na jagi, kikibonyea msitie cha moto, na kama yupo hapa anayemjua mtu, anayemjua mtu mwingine huko yanakotengenezwa, amfikishie kwamba pini ya kishikio hubadilishwa kila baada ya miezi minne, ni mstari mmoja tu, mimi nimeshindwa kuufikisha.

Baba, pumzika kwa amani, hata kama bado hawajaibadilisha.