Swali Lisilokuwemo Kwenye Muswada

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Mwongozaji, waigizaji wetu, mafundi wa kamera na wa taa, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: habari za jioni.

Mimi ni fundi wa mavazi. Kila nguo mtakayoiona kwenye filamu hii imepita mikononi mwangu, ndiyo maana mnaniita Mama Sindano. Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wafanyakazi wa nyuma ya kamera, na hayo machache yenyewe siyaoni. Jamani, nimechanganyikiwa, tena si leo tu.

Mchezo huu wa kale mnaujua. Bwana anamposa jirani yake, anakataliwa, anarudi, anakataliwa tena, na watu wanavunjika mbavu. Jukwaani bwana huyo ameigizwa na mtu mmoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi, mpaka jina lake tumelisahau, tunamwita Bwana Posa. Yule pale safu ya mbele, anajifanya anaangalia dari. Nani angethubutu kumpa mwingine nafasi hiyo kwenye filamu? Lakini kamera si jukwaa. Uso wake unapopigwa picha peke yake, lazima pembeni ya kamera awepo mtu wa kumwangalia na kumjibu. Siku ya posa ya mwisho, dada anayeigiza jirani alikaukiwa sauti, akarudi nyumbani. Mwongozaji akaniona napiga pasi. "Mama Sindano, hebu njoo ukae hapa umsomee."

Mimi, mjane mwenye wajukuu, nikavaa miwani, nikasoma: "Sikutaki, bwana. Nenda kwako." Mwongozaji akasema, "Kata! Safi sana!" Taa zikazimwa, watu wakaanza kukunja nyaya. Bwana Posa hakuinuka. Akaniangalia, akasema taratibu, "Na wewe mwenyewe, unasemaje?"

Nikafunua muswada mbele, nikafunua nyuma, maneno hayo sikuyaona. Nikamwuliza, "Hiyo iko ukurasa wa ngapi?"

Msinicheke! Ningejuaje? Mtu aliyeposa maisha yake yote kwa mshahara, siku akiposa bure utamtambua kwa lipi? Akainuka akaenda zake, na tangu hapo ni habari za asubuhi tu, basi. Nikamwuliza mwongozaji, akasema waigizaji wakikolea huongeza maneno. Binti yangu akasema, "Mama, acha utoto, huyo anakutaka." Nimsadiki nani? Usingizi umenipaa. Juzi nimeshona suruali miguu yote miwili pamoja.

Bwana Posa, wewe ni mwigizaji hodari, na huo uhodari wako ndio unaonitesa. Punde hivi uso wako utajaa ukuta huu mzima, ukiniangalia mimi, nami sitaki kukaa gizani nikijiuliza. Nakuuliza mbele ya watu. Kama siku ile ulikuwa unaigiza, kaa hapo hapo ulipo, sitakununia. Kama hukuwa...

Ala! Mbona umesimama, hata sijamaliza? Usisimame kwa kuwa nakuelekeza, mimi si mwongozaji wako! Sema kitu basi. Hee, jamani, mwangalieni mikono. Anatetemeka. Miaka yote niliyomvalisha, jukwaani sijamwona akitetemeka hata siku moja.

Basi, bwana, mimi mwenyewe nasema ndiyo.

Ndugu wageni, nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Zimeni taa, filamu ianze, nimeona aibu.